Nguo ya Buluu Ambayo Hakuwahi Kuivaa

Mwenzetu amekufa. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa kwa simu, nimesimama kituo cha basi pale Edmonton, kaskazini mwa London, na mfuko wa viazi mkononi, na hivyo hivyo ndivyo ninavyowaambia ninyi wasomaji wangu, maana sijajaliwa ufundi wa kuizungusha habari ya kifo mpaka ikawa laini. Alikuwa ameoga, amevaa, amekaa kitandani kufunga viatu aende kazini. Kiatu kimoja alikifunga. Cha pili hakukifunga. Daktari alisema ni moyo. Mimi nasema ni kuchoka, lakini kuchoka hakuandikwi kwenye cheti cha mtu, kwa hiyo na tuseme ni moyo.

Wengi wenu mlimwona bila kumjua. Alikuwa yule mama Mkongomani mrefu, mtu wa Bukavu, aliyekuwa akikaa kiti cha nyuma kabisa kanisani kwetu karibu na mlango, si kwa unyenyekevu bali kwa sababu ibada ikirefuka ilimbidi atoke awahi zamu. Hakuwa na mume wala mtoto hapa. Alikuwa na mama yake mzee huko kwao, na mdogo wake wa kike anayeishi na huyo mama, na simu ya kuwaunganisha. Mimi aliniita Yaya. Kwao yaya ni dada mkubwa. Kwetu pwani ya Kenya yaya ni mtumishi wa kulea watoto wa watu. Nilimweleza hilo siku ya kwanza, akacheka, akasema, "Basi si sawa tu? Hapa London sisi wote ni mayaya." Nikaliacha jina likakaa.

Tulijuana kwa kazi, kabla goti langu halijanistaafisha. Hii kazi ya kwenda nyumba kwa nyumba kutunza wazee ina sheria yake: mzee asiyeweza kusimama hanyanyuliwi na mtu mmoja. Lazima muwe wawili, mmoja huku, mmoja huku, na ile mashine ya kumwinulia katikati. Ukinyanyua watu na mwenzako asubuhi baada ya asubuhi, unamjua kwa pumzi. Unajua lini amelala na lini hakulala, lini mgongo unamuuma na anaficha, na yeye anajua yako. Hamhitaji kusimuliana maisha. Nimekaa na watu miaka mingi kwenye nyumba moja nisiwajue kama nilivyomjua huyu niliyekutana naye kwenye milango ya watu.

Mwaka mmoja theluji ilianguka ikakataa kuondoka, mabasi yakaondolewa barabarani. Ofisi ikatupigia: atakayeweza kutembea, atembee. Tulikuwa na mzee mmoja Mzungu, zamani dereva wa lori, naye alikuwa mgonjwa wa watu wawili. Nikafika mlangoni kwake nimejifunga mitandio miwili, nikasema moyoni, yule Mkongomani leo haji, anatoka mbali. Nikasimama nje ningoje, maana hata ningeingia peke yangu nisingemfanyia lolote la maana. Ndipo nikaona mtu anakuja katikati ya barabara, pale magari yanapopita siku nyingine. Mwavuli umeelemewa na theluji mpaka umelala upande, mkono mmoja kauficha ndani ya koti, anakwenda hatua fupi fupi kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Uso sikuuona. Nilimjua kwa ile shingo yake ndefu.

Alipofika nikamwambia, "Umechelewa."

"Yaya, hata salamu hakuna?"

Tukaingia. Mzee yuko kitandani, amelowa tangu alfajiri, anatutazama jinsi tunavyodondosha theluji kwenye zulia lake, na neno lake la kwanza likawa hilo hilo: tumechelewa. Mwenzangu akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili, kwa upole kabisa, "Wewe na huyu mko ndugu?" Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yule mzee naye, bila kujua linalochekwa, akacheka. Tukamnyanyua tunacheka wote watatu. Sina siku nyingine ya kazi ninayoikumbuka hivyo.

Theluji ilipokuwa imegeuka matope meusi, tulikuwa tunarudi kwa miguu tukapita duka la chariti, lile la mitumba inayouzwa kwa ajili ya wagonjwa. Akanivuta mkono. "Yaya, simama. Kuna mtu amenichora." Nikatazama dirishani. Ilikuwa picha ya Kijapani ndani ya fremu iliyopasuka pembe. Mama anatembea kwenye theluji. Mwavuli umemfunika uso ukaacha shingo ndefu tu, umebeba theluji mpaka umeinama. Kavaa nguo ndefu ya buluu yenye maua meupe kwenye pindo, mkono mmoja kauingiza ndani ya nguo, na miguuni kavaa mitalawanda, vile viatu vya mbao vya wazi, kama ile waliyovaa bibi zetu wakienda kuoga. Nyuma yake kuna mapaa ya nyumba fupi fupi, msonobari mmoja, na mwanamume anayefagia mlango wake wala hamtazami. Basi, hakuna zaidi. Hakuna mfalme, hakuna malaika, hakuna vita. Mtu anakwenda zake na ni baridi.

Mama wa dukani alipoona tumeganda mbele ya picha, alitueleza jinsi zinavyofanywa. Alisema si ya kuchorwa kwa brashi. Watu wale huchonga ubao, wakaupaka rangi, wakalaza karatasi juu yake wakaisugua, kama unavyopiga mhuri. Kila rangi na ubao wake: wa buluu, wa kijivu, wa ule wekundu kidogo wa kwenye mwavuli. Na kweli, ukisogeza jicho uliona mistari ya mti mle mbinguni mwa picha. Mwenzangu akauliza, "Na nyeupe? Ubao wa theluji uko wapi?" Mama wa dukani akasema theluji haina ubao. Ni karatasi tupu, wameiacha. Tukatoka na picha imefungwa kwenye gazeti, na tulipofika kwake mwenzangu akasema, "Kwa hiyo kile kinachomtesa huyu mama ndicho kile ambacho hawakukigusa." Mimi niliishia darasa la nne, sanaa siijui; nikamshikia fremu atafute msumari.

Akaitundika juu ya kitanda. Mchungaji alipokwenda kumwombea nyumba aliitazama sana, hasa yale maandishi yaliyosimama wima na mhuri mwekundu wa pembeni, akamuuliza kama anajua yanasema nini, isije ikawa kaingiza mambo ya mizimu. Akamjibu, "Sijui, Mchungaji. Lakini hata barua za halmashauri sijui zinasema nini, na ziko ndani humu humu." Mchungaji akaomba akaenda zake.

Sasa, kosa lenyewe. Mama yake Bukavu alikuwa akimuuliza kila Jumapili: theluji ni nini? Unakwendaje kazini? Na yeye Jumapili moja amechoka, mdomo mzito, akaipiga ile picha ya ukutani kwa simu, bila fremu wala maandishi, akaituma, akaandika chini yake: hivi ndivyo ninavyokwenda kazini. Mdogo wake akamshikia mama simu. Kioo cha simu kimepasuka, macho ya mama yana ukungu, na yule mwanamke wa Kijapani uso wake haumo. Mama akaona shingo ya mtoto wake. Kesho yake akapigiwa simu, nami nilikuwapo, tunamenya ndizi.

"Wewe mutoto! Viatu gani hivyo? Miguu wazi kwenye baridi!"

"Mama, si..."

"Na huyo mwanaume anafagia tu, anakuona umebeba mwavuli mzito, hakusaidii? Huko Ulaya hawakufundishwa?"

"Hawakufundishwa, Mama."

Akakata simu akaniangalia, nami nikamwambia amwambie ukweli mara moja. Akasema atamwambia. Hakumwambia. Huko Bukavu mama akaipeleka simu kwa mpiga picha wa mtaani, akatolewa picha kubwa, akaibandika ukutani. Majirani wakaja kuitazama London. Kila asubuhi mama akisali alikuwa akimtazama yule wa mwavuli, anamwombea viatu.

Nimelifikiria hili tangu afe, na nasema kama ninavyoliona. Simu yake ilikuwa na picha nyingine nyingi alizokuwa amezituma kwao, na zote zilikuwa zake kweli: amesimama Wembley mbele ya uwanja, amevaa gauni la kuazima, ameegemea gari la mtu, anacheka, ameshika kikombe kwenye mkahawa ambao hatukununua kitu ila chai moja ya watu wawili. Uso ni wake, meno ni yake, na hakuna hata moja iliyokuwa na ukweli ndani yake. Halafu kuna hii moja, ya mtu asiyemjua, wa nchi asiyoijua, na ndiyo peke yake iliyosema anavyoishi. Wote hapa tunafanya hivyo. Tunatuma tabasamu na magari ya watu. Nyumbani wanajua tuko kwenye ofisi, tuko hospitali, wengine tumekwishakuwa madaktari bila kumpima mtu homa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tumeuficha uchi wetu kwa koti la Ulaya, tukazaa watoto wasioelewa kwa nini tunalia tukipigiwa simu ya nyumbani.

Tulimzika hapa Edmonton. Hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe akiwa mzima, azikwe alipoangukia, na mama yake alikubali bila kelele. Lakini kwao, mtu akifia mbali na mwili usirudi, hurudishwa nguo. Si nguo yoyote, ni ile aliyoivaa zaidi, iliyojua jasho lake. Inachimbiwa shimo, inazikwa, na hapo ndipo mama anapata mahali pa kusimama na kulia. Kwa hiyo siku ya matanga, wanawake tumejaa kile chumba chake kidogo, tumekaa chini, uso wa mama ukiwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai, mama akasema, "Mumezika, asante. Sasa munitumie ile nguo ya buluu. Ile ya kwendea kazini. Nitaizika pembeni ya baba yake." Kila jicho mle chumbani likapanda ukutani kwenye picha, likashuka.

Simu ilipokatwa ndipo ugomvi ukaanza. Mmoja wetu, fundi cherehani hodari, akasema, "Mnahangaikia nini? Kitambaa cha buluu kipo Wembley kwa Wahindi. Maua meupe nitayatafuta. Nipeni siku mbili." Mwingine akasema tumwambie amezikwa nayo. Mke wa Mchungaji akasema Mungu hatamhesabia mtu uongo wa kumfariji mfiwa.

Nikasema, "Mtamfariji mpaka lini? Mama atakwenda kulia juu ya kitambaa cha dukani, hakijagusa ngozi ya mtoto wake hata dakika moja. Hapo mtakuwa mmemzikia nani?"

"Na ukimwambia ukweli, Bibi," akajibu fundi, "hiyo picha ndiyo mtoto anayemwona kila asubuhi akisali. Utamuulia mtoto mara ya pili."

Nawaambia wazi, alisema kweli. Lakini hakuna aliyetaka kubeba lolote kati ya hayo mawili, kwa hiyo wakanitwika mimi. "Mpigie wewe, Bibi. Wewe ndiye mwenye mdomo." Watu hupenda sana mdomo wa mwenzao ukiwa na kazi.

Nilimpigia kesho yake kutoka jikoni kwangu. Nilimpata mdogo mtu, nikamwomba amsogezee mama simu sikioni. Nikasalimu, nikauliza usiku umepitaje, kisha nikaona nikizunguka sana nitashindwa.

"Mama, yule wa kwenye picha si mtoto wako."

Nikasikia kuku, na mtu anatwanga kitu kwa jirani.

"Iko nani?"

"Simjui. Ni mwanamke wa Kijapani. Ni picha ya kuchongwa ubaoni, ya zamani. Mwanao aliinunua dukani kwa sababu ilifanana na anavyokwenda kazini."

"Anatembea kama yeye."

"Ndiyo, Mama. Naye mwenyewe alisema hivyo alipoiona."

"Shingo ni yake."

"Ni kama yake. Si yake."

Basi mama akawaka. Nilidhani atalia, akawaka. "Miaka yote hii naombea mutoto wa watu! Nafunga, nakesha, Mungu mupe viatu, Mungu mupe mutu wa kumusaidia, kumbe naombea Mujapani!" Mdogo mtu akawa anamtuliza, naye anamfukuza. Nilikuwa nimestahili kelele, mtu yeyote aletaye habari kama hiyo anastahili. Nilisikia anapumua. Halafu akasema taratibu, kama anaongea na ukuta, "Naye alikuwa na mama." Kisha, "Haya. Sala haikupotea."

Nikamwacha apumzike. Akauliza, "Wangu alikuwa anavaa nini? Usinifiche."

Nikamwambia. Sare ya zambarau ya mikono mifupi, yenye mfuko mkubwa mbele wa kuwekea glavu. Suruali nyeusi iliyopauka magotini. Koti ambalo zipu yake ilikufa akawa analifunga kwa pini. Viatu vizito, Mama, si vya wazi, hilo ondoa wasiwasi. Akaniuliza sare hiyo ni ya kazi gani, maana wao walikuwa wakijua yuko hospitali, mkubwa wa wauguzi. Nikamwambia hapana. Alikuwa anakwenda majumbani kwa wazee. Anawanyanyua, anawaosha, anawabadilisha, anawalisha, anakwenda nyumba nyingine.

"Aliosha wazee?"

"Ndiyo, Mama."

"Na uchafu wao?"

"Na uchafu wao."

Nikasema moyoni, fundi alikuwa na haki, ningewaacha washone. Kisha yule mama akasema, "Mimi siwezi tena kusimama. Kila asubuhi mudogo wake ananinyanyua, ananiosha, ananibadilisha. Hiyo kazi naijua kuliko yeyote. Kwa nini alinificha?"

Sikuweza kumjibu. Tulikaa hivyo, mimi jikoni kwangu, yeye kwake, simu ikiendelea kula salio, mpaka mdogo mtu akaichukua akasema mama amechoka.

Sare yake ya pili ilikuwa bado chumbani kwake kwenye radieta, lile bomba la joto la ukutani, alikoitupa na jasho la zamu, imekauka imekuwa kama ubao. Sikuifua. Wanawake walitaka kuifua na kuipiga pasi, nikawazuia, kwa sababu nguo isiyo na jasho la mtu ni kitambaa tu. Nikaikunja pamoja na lile koti la pini. Kabla haijaondoka, kijana wa ofisini akanipigia, sauti ya adabu, akasema anasikitika sana kwa msiba lakini sare na beji ni mali ya kampuni na zinatakiwa kurudishwa. Nikamwambia beji nitaleta. Akauliza, na sare? Nikamwambia sare inasafiri kwenda kuzikwa. Nikamsikia anabonyeza bonyeza kompyuta yake, nadhani anatafuta mahali pa kuandika jambo kama hilo. Baadaye akasema, "Sawa, Mama," na sauti yake ilikuwa imebadilika. Sina ugomvi naye.

Muumini mmoja aliyekuwa anakwenda Bukavu kwa kupitia Kigali aliibeba, na mdogo mtu akanipigia siku waliyoizika. Mama alibebwa kwa kiti mpaka pembeni ya kaburi la mumewe. Aliishika ile sare, akaunusa ule mfuko wa glavu, akauliza kwa nini una harufu ya dawa, wakamwambia ni ya kuoshea mikono. Akaishusha mwenyewe. Wakaifukia.

Nimechoka, wasomaji wangu. Nimezika wengi katika mji huu, na karibu kila mmoja nimelazimika kumweleza mtu wa nyumbani kwake kwamba hakuwa yule waliyemjua. Sitaki tena kazi hiyo. Swali la yule mama sikulijibu kwa sababu mwenye jibu alikuwa amekwisha kufukiwa, lakini ninyi mnaosoma hapa bado mko juu ya ardhi. Mnadhani mnawalinda wazazi wenu na aibu, na kumbe mnachowanyima ni mtoto waliye naye. Leo ukitoka zamu usivue sare. Simama hivyo hivyo ulivyo, na macho mekundu, na nywele zilivyolala, upige picha umtumie mama yako. Kisha mpigie umwambie kazi yako kwa jina lake, usiipambe. Akilia, mwache alie sasa, ungali unaweza kumsikia.